Kondoo Wameongezeka, Kondoo Mwekundu Anakwisha

Anayetaka kudanganyika kuhusu ufugaji wa kondoo asome jumla peke yake. Hesabu zilizofanywa kwa ndege juu ya nyanda za malisho za Kenya kati ya mwaka 1977 na 2016 zilionyesha kwamba wanyamapori walipungua kwa takriban asilimia 68 na ng'ombe kwa asilimia 25, ilhali kondoo na mbuzi waliongezeka kwa asilimia 76. Sensa ya mwaka 2009 ilipata kondoo zaidi ya milioni 17 nchini humo. Ukitazama takwimu hizo, mchungaji wa kondoo ndiye anayestawi kuliko wenzake wote wa nyikani. Na sababu yake inaeleweka: ukame ukimfilisi mwenye ng'ombe, huanza upya kwa kondoo na mbuzi, maana jike la kondoo hubeba mimba miezi mitano tu, na bei yake haimshindi mtu wa kawaida.

Ndani ya jumla hiyo, hata hivyo, yumo kondoo aliyekaribia kutoweka bila mtu kuona pengo, kwa kuwa kila alipotoka mmoja aliingia mwingine. Huyo ni kondoo mwekundu wa Kimaasai. Hadi katikati ya miaka ya 1970 alijaa katika nchi za wafugaji kusini mwa Kenya, akihesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 1992 watafiti walimtafuta kote Kenya na sehemu za kaskazini mwa Tanzania, wakitaka wale ambao damu yao haijachanganyika. Walipata wachache mno. Wakaanzisha kundi dogo la kuhifadhi mbegu, na baadaye vipimo vikaonyesha kwamba hata hao walikuwa na damu ya kigeni. Hakukuwa na gonjwa wala vita vilivyomfagia katika muda huo usiofika miaka 20. Kilichomfikisha hapo ni mpango wa maendeleo.

Kwa sura hatazamiki sana. Wengi wana rangi ya udongo mwekundu, wengine wana mabaka meupe. Hana sufu, ana manyoya mafupi yanayolala mwilini, na nyuma ana mkia mpana uliojaa mafuta. Dalali anayepima kwa macho sokoni humwona mdogo na kumpangia bei ya mdogo. Ubora wake umo mahali ambapo dalali hana haja ya kupachunguza, yaani tumboni.

Katika tumbo la nne la kondoo huishi mnyoo ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Ni mwembamba kama uzi, na chakula chake ni damu. Mmoja hunyonya kiasi cha sehemu ya ishirini ya mililita kwa siku, ambacho si kitu; wakifika elfu tano, kondoo anapoteza robo lita ya damu kila siku. Jike la mnyoo huyu hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na mavi, huanguliwa malishoni, vichanga hupanda majani kukiwa na umande, kisha kondoo huvimeza, maana yeye hukata nyasi karibu kabisa na udongo kuliko mbuzi anayependa vichaka. Ndiyo maana mchungaji anayejua kazi yake hana haraka ya kufungua zizi asubuhi wakati wa mvua. Husubiri jua likaushe majani. Mgeni humwona mvivu.

Mchungaji hamwoni mnyoo mwenyewe. Anachoona ni kondoo anayebaki nyuma ya wenzake, kisha uvimbe laini chini ya taya. Humkamata, humbana kichwa kwapani, na kwa kidole gumba huvuta kope la chini la jicho. Ndani pakiwa pekundu, kondoo yu salama. Pakiwa pamepauka, damu inakwisha, na mnyama huyo hatamaliza mwezi asipopata dawa. Afrika Kusini wametengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganishia jicho hilo. Wafugaji wazoefu hutazama bila kadi.

Sasa, kondoo mwekundu anaishi na mnyoo huyu bila kushindwa naye. Kati ya mwaka 1991 na 1996 watafiti wa taasisi ambayo leo inaitwa ILRI, yaani Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, waliwafuga pamoja kondoo wekundu, kondoo wakubwa wa kigeni waitwao Dorper na chotara wao huko Diani, pwani ya Kenya, kwenye joto na unyevu ambao minyoo huupenda. Wanakondoo wekundu walitoa mayai machache ya minyoo kwenye mavi yao, damu yao haikushuka sana, na waliokufa walikuwa wachache kuliko wa Dorper. Zilipojumlishwa kilo za nyama zilizopatikana kwa kundi zima, baada ya kuondoa vifo na majike wasiozaa, kundi jekundu lilikuwa limewazidi wale wakubwa mara kadhaa. Uwezo huo umo katika damu na hurithiwa. Hakuna aliyeutengeneza maabara. Ulichujwa kwa karne nyingi, kwa kondoo dhaifu kufa na hodari kuzaa, chini ya macho ya watu waliojua dume yupi ni mtoto wa nani.

Ni haki kumtaja Dorper bila chuki. Alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940, kwa kupandisha madume ya Dorset Horn kutoka Uingereza kwa majike wa Blackhead Persian. Hao wa pili, licha ya kuitwa wa Uajemi, asili yao ni kondoo wa Kisomali wenye kichwa cheusi, waliofika kusini karne ya 19. Kwa hiyo nusu ya ukoo wa mgeni huyu ni jirani yetu. Ni kondoo wa nyama hasa: hukua haraka, hujaa mapajani, na katika nchi kavu ambako minyoo ni michache na nyasi zinatosha, hulipa. Waliomleta hawakuleta takataka.

Walikosea katika hesabu. Katikati ya miaka ya 1970 madume ya Dorper yalianza kusambazwa kwa wafugaji wa Kenya kwa bei yenye ruzuku. Dume alifika, maelezo hayakufika. Na kizazi cha kwanza ndicho kilichomponza mfugaji, kwa sababu kilikuwa kizuri kweli. Mwanakondoo aliyezaliwa na mama mwekundu na baba Dorper alirithi uvumilivu wa mama na ukubwa wa baba, akapita wazazi wote wawili kwa faida. Aliuzwa mapema na kwa bei nzuri. Mfugaji akafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya: ikiwa nusu ya damu ya Dorper imenilipa hivi, robo tatu itanilipa zaidi. Majike chotara akawabakiza, akawapandisha tena kwa Dorper. Majike wekundu, ambao sasa walionekana wadogo zizini, akawauza au akawachinja.

Kufikia kizazi cha tatu au cha nne, alikuwa na kundi kubwa kwa umbo linalopendeza mwaka wa mvua, linalohitaji dawa kila mara, na linaloanguka mapema ukame ukikaza. Njia ya kurudi haikuwepo. Ili kupata chotara wa kizazi cha kwanza kila mwaka, lazima uwe na majike halisi kila mwaka, na hao walikuwa wamekwisha kwake, kwa jirani yake, na kwa jirani wa jirani. Mpango ule uligawa nusu moja ya mashine na kusahau kwamba nusu ya pili, ambayo watu walikuwa nayo tayari, ilihitaji kulindwa.

Wapo wanaomlaumu mfugaji kwa tamaa. Lawama hiyo siikubali. Faida ya kupandisha dume wa kigeni ilikuwa yake mwenyewe na ilionekana ndani ya mwaka. Faida ya kutunza damu halisi ingekuwa ya watu wote, na ingeonekana baada ya miaka 15, siku ambayo kila mtu anaitafuta na haipo. Tena hata aliyetaka kutunza hakuweza peke yake. Kwenye malisho ya pamoja dume wa mtu hajui mpaka. Wamaasai walikuwa na namna ya kumzuia: ngozi iliyofungwa tumboni mwa dume, mbele ya uume, ili asipande wakati ambao wanakondoo wangekuja kuzaliwa kiangazi. Ngozi ile ilifaa pale watu wote walipokubaliana lini ifungwe na lini ifunguliwe. Haimsaidii mtu mmoja ambaye jirani zake wanane wameshanunua Dorper na wamewaachia.

Walowezi wa Kiingereza walikuwa wamepita njia hii mapema, na walilipa kwa hasara yao wenyewe. Lord Delamere alipoanza ufugaji huko Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, alileta madume kutoka Uingereza na kuwapandisha kwa majike wa Kimaasai alionunua kwa maelfu. Kondoo wa kuletwa walikufa kwa wingi. Jike la Kimaasai ndilo lililobeba mradi. Miaka 70 baadaye somo hilo lilikuwa limesahauliwa na ofisi ambazo zingepaswa kulikumbuka.

Bila suala la ardhi, kisa cha damu hakielezi kila kitu. Mapatano na serikali ya kikoloni ya mwaka 1904 na 1911 yaliwaondoa Wamaasai kwenye malisho bora ya Bonde la Ufa na Laikipia, na mamia ya maelfu ya kondoo walisukumwa kusini pamoja nao. Mwaka 1968 Kenya ilipitisha sheria iliyoanzisha ranchi za vikundi, na kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo, hasa Kajiado, zikaanza kugawanywa, kila mwanachama na kipande chake chenye hatimiliki. Kitengela, Isinya na kando ya barabara ya Namanga, vipande hivyo vimegawanywa tena kuwa ploti. Seng'enge zimepita mahali palipokuwa na njia za mifugo. Upande wa Tanzania, Loliondo, mwaka 2022 serikali iliweka mipaka na kutenga kilomita za mraba 1,500 kwa ajili ya uhifadhi, na malisho ya msimu yakawa hifadhi.

Tumezoea kueleza hasara ya kutohama kwa upande wa nyasi: kundi halifiki penye majani. Kwa kondoo kuna hasara ya pili inayosemwa mara chache. Kuhama kulikuwa ni dawa ya minyoo. Kundi linapoondoka mahali kwa miezi kadhaa, jua na ukavu huua vichanga vilivyobaki ardhini, na kundi linaporudi hukuta malisho safi. Kondoo waliofungiwa ndani ya ekari chache za mwenye hatimiliki hula kila siku juu ya mavi yao ya jana. Maana yake ni kwamba mfugaji aliingizwa kwenye ardhi inayozalisha minyoo mingi zaidi katika miaka ileile aliyoshauriwa kumwacha kondoo anayeihimili. Sera mbili, kutoka ofisi mbili, kila moja ikiwa na hoja yake nzuri, zilikutana kwenye tumbo la mnyama mmoja.

Pengo la kinga lililobaki limezibwa na duka la dawa za mifugo. Chupa ya dawa ya minyoo sasa ni sehemu ya matumizi ya nyumba kama sukari. Lakini dawa hutolewa kwa kukisia uzito, mara nyingi kidogo kuliko inavyotakiwa ili chupa ifike kwa kondoo wote, na dawa ya aina moja hurudiwa miaka nenda miaka rudi. Hivyo ndivyo minyoo sugu inavyozalishwa, na Kenya imekuwa ikiripoti usugu huo kwa miongo kadhaa. Kinga iliyokuwa bure ndani ya mnyama imekuwa gharama, na gharama yenyewe inaanza kutofanya kazi.

Kazi yenyewe ya kuchunga nayo imebadili mikono. Zamani mtoto wa miaka mitano au sita alianza na wanakondoo karibu na boma, akapandishwa hadi kondoo na mbuzi, kisha ng'ombe alipokomaa. Ilikuwa shule ndefu, na somo lake kuu lilikuwa kuwajua wanyama mmoja mmoja. Jioni kundi linaporudi, wanawake na watoto huwaoanisha wanakondoo na mama zao kabla giza halijaingia, na asiyepata mama hujulikana mara moja. Mwanamke mwenye boma anajua jike hili ni mjukuu wa lile lililoletwa na mkwe. Katika desturi ya Wamaasai kondoo wa zawadi huacha alama hata kwenye namna ya kuitana: waliopeana kondoo huitana paker. Kundi lilikuwa daftari la jamaa.

Kenya ilipoondoa ada ya shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ikiwa imetangulia miaka miwili nyuma, watoto hao wakaenda darasani. Sijasikia mzazi mwenye akili timamu anayejutia, wala mimi sitamshauri ajute. Lakini kazi yao ilibaki, na sasa inafanywa na wazee, na mama mwenye kazi nyingine kumi, au na mchungaji wa kuajiriwa. Huyu wa mwisho hulipwa kwa mwezi kurudisha idadi ileile aliyotoka nayo asubuhi. Hana sababu ya kujua bibi wa kondoo huyu alikuwa nani, wala mwaka upi wa ukame ukoo wake ulipita bila kufa. Akipewa kazi bora kwenye mjengo Nairobi au Arusha, ataondoka, na mwingine ataanza kujifunza sura za kondoo upya. Uteuzi wa dume, ambao ndio moyo wa ufugaji, hauwezi kufanywa na mtu asiyewajua wazazi wa dume huyo. Kwa hiyo dume huchaguliwa kwa ukubwa, kwa kuwa ukubwa hauhitaji kumbukumbu.

Soko nalo linapendelea hivyohivyo. Kwa mlaji wa mjini, nyama choma ni mbuzi. Kondoo huchukuliwa na wengi kama nyama ya pili, yenye mafuta na harufu. Anayenunua kwa ajili ya machinjio ya Kiamaiko jijini Nairobi au kwa wasafirishaji wa nyama kwenda nchi za Ghuba hulipia mwili mkubwa. Mafuta ya mkia, ambayo Mmaasai aliyaheshimu kuliko nyama, akampa mzazi aliyejifungua na kuyachanganya na udongo mwekundu wa kujipaka, yamepoteza nafasi kwa mafuta ya kopo kutoka dukani. Sifa mbili za kondoo mwekundu, mafuta na uhai, moja imeshuka thamani na nyingine haikuwahi kuwa na bei. Hakuna mnada unaolipa zaidi kwa kondoo kwa sababu mama yake hakufa katika ukame wa mwaka 2009.

Hata hivyo wafugaji hawajasahau tofauti. Watafiti walipowauliza wa Isinya na wa Amboseli, wa Isinya, walio karibu na soko na wenye hali nafuu, waliegemea Dorper. Wa Amboseli, ambako kiangazi ni kikali zaidi, walimpa kondoo mwekundu uzito mkubwa. Kila upande ulijibu kwa mujibu wa mazingira yake, na majibu hayo yana busara kuliko mpango uliogawa dume wa aina moja kila mahali. Nadhani kosa la mjadala huu ni kuufanya shindano la kondoo wawili. Chotara wa kizazi cha kwanza bado ni mnyama mzuri kwa mtu mwenye karo ya kulipa, na anayemtaka chotara huyo ana haja na kondoo mwekundu kuliko mtu mwingine yeyote.

Ethiopia imejaribu njia nyingine. Tangu mwaka 2009, katika maeneo ya Menz, Bonga na Horro, wafugaji wa kijiji kimoja wamekuwa wakirekodi wanakondoo wao wa kienyeji, wakichagua pamoja madume bora, na kuyatumia kwa zamu huku mengine yakichinjwa au kuhasiwa. Hawakuleta mbegu ya nje. Bonga imefika mahali ambapo vyama vya wafugaji huuza madume ya kienyeji kwa maeneo mengine, maana yake kutunza damu kumekuwa chanzo cha kipato. Wataalamu wamesaidia kuandika kumbukumbu. Uamuzi wa dume yupi abaki umekaa kwa wenye kondoo.

Kwetu, hifadhi ya kondoo mwekundu imekaa zaidi kwenye mashamba ya utafiti, likiwemo lile la Kapiti, huko Machakos. Ni jambo la heri kuwa yapo. Lakini kundi lililo ndani ya uzio wa taasisi lina daktari, lina maji na lina rekodi, na mnyama ambaye uhai wake ulichujwa na shida hawezi kuchujwa vivyo hivyo mahali pasipo na shida. Kinachohitajika huko nje ni vijiji vichache vya Kajiado, Narok, Longido au Simanjiro ambavyo vitakubaliana kuhusu madume yao, na fedha za kuwafidia wafugaji wao kwa miaka ya mwanzo watakayouza wanyama wadogo kuliko wa jirani. Huenda kiasi hicho ni kidogo kuliko ruzuku iliyotumika kummaliza kondoo mwekundu.

Muda ndio unaobana. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Baada ya kila ukame wa namna hiyo, mwenye kundi lililokufa hununua la kuanzia sokoni, na mashirika ya misaada yanayogawa mifugo hununua sokoni hukohuko. Sokoni wamejaa chotara, basi hao ndio wanaorudi zizini, na majike wekundu waliosalia hukutana na madume hao msimu unaofuata.